Kiberenge Namba Kumi na Nne

Leo tumekichubua ubavu wa kushoto.
Msasa wa kwanza ulitoa buluu,
wa pili kijani kile cha madawati ya shule,
wa tatu weupe uliochacha kama maziwa,
na chini kabisa, pale rangi inapokutana na chuma,
maneno ya ncha ya msumari:
SEFU MCHOPA RIVETI HIZI NIMEPIGA MIMI.
Lukresia akazima mashine.
"Hapa tuzunguke," akasema.
Tukazunguka.

Wanasema ya kale ni dhahabu.
Waje Vingunguti washike. Ya kale ni kutu,
na kutu ndiyo kikulacho: ki nguoni, chini ya rangi,
kinatafuna kwa adabu, hakiachi makombo,
na unyevu wa masika ndio mchuzi wake.
Unagonga kwa nyundo ndogo, unatega sikio.
Chuma kizima hujibu: ti.
Kilichooza hunyamaza kama mdaiwa.

Silinda sita. Tano zinatii.
Nozeli ya nne tuliifuata Gerezani, kwa Hinju,
anayechonga shaba kwa tupa, redio ikitangaza mpira.
Tulimpa mchoro, akaufungia karanga.
"Leteni iliyokufa," alisema. "Mimi nafuata maiti."

Kitabu cha mtambo mchwa wamekila
ukurasa wa arobaini hadi sabini na moja,
giaboksi yote, neno kwa neno;
pengine kuna kichuguu mahali kinachojua kubadili gia.
Ndipo tukamleta Nkwera, dereva mstaafu wa Mbagala.
Akalalamikia chai. Akalalamikia kiti.
Akasema hakumbuki kitu, tusimsumbue,
akasinzia pale pale, mikono kifuani.
Na mguu wake wa kushoto, usingizini,
ukakanyaga, ukaachia, ukangoja pumzi moja,
ukakanyaga tena.
Shani akaandika kwa chaki sakafuni:
mara mbili, katikati pumzi.

Jumatano alikuja mtu wa ofisi na utepe wa kupimia.
Alipima urefu, hakupima madirisha.
"Tani kumi na nane," akajisemea,
akazidisha kwa bei ya chuma chakavu, midomo ikicheza.
Kisha akaniuliza, si kwa ubaya:
"Kikipona kitakwenda wapi?"
Pugu, nikamwambia. Na kurudi.
"Halafu?"
Halafu tutakifuta vumbi.
Akapanda ngazi,
akakaa kiti cha tatu upande wa dirisha,
utepe umelegea mapajani,
na hakushuka mpaka king'ora cha saa sita.

Jioni tulikipiga stata.
Mara ya kwanza, kikohozi.
Mara ya pili, kikohozi, na njiwa wakatoka darini.
Mara ya tatu kikakubali: moshi mweusi, kisha wa kijivu,
kisha ule mwembamba, usio na hasira,
na sakafu ikaanza kututekenya nyayo.
Nje treni ya umeme ilipita, laini kama shuka iliyopigwa pasi.
Abiria walituona sekunde moja, pengine mbili.
Lukresia alimpungia mtu asiyemjua.

Sasa ni usiku. Gasketi ya chini inavuja,
nimeweka kopo la maziwa ya unga.
Mlinzi wetu, Chilongani, anasema hapati usingizi
(naye hapaswi kuupata): kiberenge kinahesabu.
Ni mafuta, namwambia.
"Najua," anasema. "Kimefika mia nne na sita."